Vumbi la Breki na Rimu za Mzee Chengula

Vijana wangu wa Soweto, Mbeya, na ninyi wa Ipogolo, Iringa, nimekabidhi funguo za kontena na sasa naamka saa ninayotaka. Mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Mmefanya vizuri kumwomba mtu anayejua. Kuanzia Tunduma mpaka mlima Kitonga hakuna aliyetoa vumbi la breki kwenye rimu kama mimi. Kama yupo, ajitokeze, nitamkaribisha chai na kumpa rimu ya kujaribia.

Niliondoka Mbeya kwenda Sauzi nikiwa na stashahada ya maabara kwenye begi, sweta mbili, na imani kwamba nitavaa koti jeupe. Koti nililopewa lilikuwa la bluu, la mpira, lenye harufu ya sabuni. Kazi ilikuwa kusafisha rimu za magari kwa watu wanaopenda magari yao kuliko mashemeji zao. Siku ya kwanza nilishika mpira wa maji nikaelekeza kwenye gurudumu la gari lililokuwa limeingia dakika ile ile. Mkono mkubwa ukanishika kwenye kiwiko.

"Unataka kuua gari la mtu?"

Alikuwa Bambo Phiri, Mmalawi, mkuu wa upande wa rimu. Kiswahili alijifunza zamani akiendesha malori ya Tunduma. Akanionyesha. Aliweka mgongo wa kiganja chake juu ya rimu, halafu akamgeukia dereva na kuanza kumsalimia. Habari za asubuhi, habari za nyumbani, watoto, kazi, baridi. Katikati ya habari za watoto akautoa mkono haraka na kuupuliza.

"Bado," akasema. "Mkono ukikaa hapo mpaka mwisho wa salamu, ndipo unaleta maji. Usipokaa, nenda kanywe chai."

Nilidhani ananitania. Baadaye nilielewa. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi, diski ya breki inaweza kupinda, na kesho yake dereva akikanyaga breki mguu unatetemeka. Anarudi kwako, na hakuletei zawadi. Tena dawa ukiiweka kwenye rimu ya moto inakauka papo hapo na kuacha madoa ambayo hata mimi siyapendi. Bambo Phiri hakuwahi kusoma kemia, lakini alifundisha vizuri, na mimi nilikuwa mwanafunzi bora aliyewahi kumpata. Alisema mwenyewe, mara moja, alipodhani sisikii.

Stashahada yangu ilinisaidia kuelewa adui. Ukikanyaga breki, pedi zinaisaga diski, na unga wa chuma unaruka ukiwa wa moto na kujichomeka kwenye rangi ya rimu. Maji yanautia kutu. Mteremko mwingine unakuja, moto unaupika tena. Ukiacha miezi, unapata ganda jeusi lenye kukwaruza, gumu kama ukoko wa ugali uliosahaulika jikoni. Sabuni inalipita juu na kuondoka zake. Inayofaa ni dawa ya kuyeyusha chuma, ambayo ina harufu ya yai viza na ina tabia moja nzuri kuliko zote: ikikutana na chuma inageuka zambarau. Mara ya kwanza kuona rimu inatoa machozi ya zambarau nilicheka peke yangu kama mjinga. Mpaka nimestaafu, bado nacheka.

Niliporudi nyumbani nilijua ninakoenda. Nchi yetu ya Nyanda za Juu ni milima mitupu. Gari linashuka kutoka Chunya kuingia Mbeya likiwa limeng'ang'ania breki njia nzima. Linashuka kutoka Iringa mjini mpaka Ipogolo vivyo hivyo. Hiyo miteremko ni jiko, na mimi nilikuja kuosha vyombo vyake. Nikanunua kontena, nikaliweka Soweto, nikaitundika stashahada ukutani ndani ya kioo. Mama mdogo alikuja kuniona akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Yaani Sauzi yote ile, na diploma, umerudi kuosha matairi?"

"Mama mdogo, matairi wanaosha wengine. Mimi naosha rimu."

Akaondoka akitikisa kichwa. Kabla ya Krismasi alinipeleka kwa shoga zake wote na kunitambulisha kuwa mwanawe. Ndipo mtaa mzima ukaanza kuniita Diploma. Wengine walidhani wananikejeli. Mimi nilipokea kama cheo.

Wafanyakazi wa kwanza walikuwa na mioyo mizuri na mikono mibaya. Sikuwalaumu. Huku kwetu sufuria iliyogeuzwa juu ya kichanja, iking'aa kwa nje kama kioo, ndiyo cheti cha nyumba. Mtoto anakua akijua kwamba kilicho cheusi kinasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka kisalimu amri. Neema, ambaye alitoka Tukuyu na baadaye akawa mkono wangu wa kulia, alikuja siku ya kwanza na kopo la majivu kutoka jikoni kwake. Alisugua rimu moja mpaka ikang'aa, akaniita kwa furaha. Nikamwonyesha juani: miduara elfu ya mikwaruzo. Rangi ya juu, ile inayoonekana kama maji, ilikuwa imekwenda na majivu. "Vumbi lijalo," nikamwambia, "litaingia humo na kujenga." Alinuna mpaka jioni. Kesho yake alikuja bila kopo, na tangu hapo kama kuna mtu anayenikaribia kwa kazi hii ni yeye. Nimesema anayenikaribia.

Vifaa vyangu mnavijua, lakini naviandika kwa sababu juzi nimeona mtu Ipogolo anaosha mlango wa gari kwa maji ya ndoo ya rimu. Ndoo ya rimu ni ya rimu. Brashi ndefu laini ni ya kuingia nyuma ya mikono ya rimu, brashi fupi ya kuzunguka nati, mswaki wa kona. Glovu. Unaanza kwa maji mengi, maana vumbi kavu la breki ukilipuliza linaingia kifuani mwako, na kifua hakina dawa ya zambarau. Dawa unaiweka kivulini, gurudumu moja moja, na unaisuuza kabla haijakauka. Ganda likibaki, rudia. Usiongeze nguvu, ongeza subira. Na maji ya betri, ambayo kila mwaka anatokea mtu mwenye haraka akiyapendekeza, yaacheni kwenye betri.

Iringa tulipofungua, nilikuta shida moja tu. Kipimo cha salamu kilikataa. Mbeya mtu anakusalimia akiwa anaangalia saa. Iringa mzee wa Kihehe anakuambia "kamwene," unajibu "kamwene," halafu mnaanza sasa, taratibu, mvua, ng'ombe, padri wa parokia, na mnapofika mwisho rimu imepoa mpaka inakaribia kuganda. Nikawaagiza vijana wa Ipogolo watumie nusu ya salamu. Wakasema haiwezekani kumwachia mtu salamu njiani. Basi tukakubali kwamba Iringa kazi itachelewa kidogo na itakuwa bora zaidi. Na ndivyo ilivyo.

Sasa niwape kesi ngumu kuliko zote, ile ambayo nikifika mbinguni nitaiweka mezani.

Ilikuwa Soweto, Ijumaa asubuhi, Mbeya ikiwa na ule ukungu unaokaa barabarani kama mgeni asiyeaga. Gari jeupe likaingia. Dereva alikuwa Gwamaka, kijana mstaarabu niliyemfahamu kwa sura. Nyuma alikaa Mzee Chengula, mfanyabiashara wa mpunga wa Madibira, mwenye gari. Walishuka bila kutazamana.

"Diploma," Mzee akasema, "nimeambiwa wewe unajua rimu. Niambie hizi ni za nani."

Nilizitazama. Tatu zilikuwa nyeusi kabisa, nyeusi ya mkaa. Ya mbele kushoto ilikuwa na rangi ya kijivu cha kusuguliwa.

"Ni za gari hili, Mzee."

"Si zangu! Zangu zilikuwa za fedha. Zinang'aa. Huyu kaziuza, kaniwekea masufuria."

Taratibu nikaelewa. Mzee alikuwa Dar es Salaam kwa mwanawe, ametibiwa macho. Kabla ya hapo kwa muda mrefu alikuwa anaona dunia kama kwenye moshi. Alikuwa akipandishwa kwenye gari na kushushwa. Madaktari wakamtoa mtoto wa jicho, akarudi Madibira na macho mapya, akatoka nje ya nyumba yake, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri kilikuwa rimu nyeusi.

Hilo peke yake lingekuwa la kuchekesha. Lakini Gwamaka alikuwa akiposa. Kesho yake, Jumamosi, alitakiwa kupelekwa Igowole, kule Mufindi, kwa wazazi wa binti aitwaye Tumaini, na mshenga wake alikuwa Mzee Chengula mwenyewe. Mzee alikuwa ameshatangaza kwamba hamsemei mwizi. Alisema stendi hapa Soweto. Alisema kwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa. Alipiga hata simu Igowole.

"Baba yake Tumaini kaniambia bila mshenga nisifike," Gwamaka akaniambia kando. "Na nikija na mshenga mwingine, ataamini yule wa kwanza alinikimbia kwa wizi."

"Hii ya mbele imekuwaje?"

Akatazama viatu vyake. "Jana mama yangu alinipa majivu."

Nilimhurumia, ingawa roho iliniuma kwa ajili ya rimu.

"Mzee," nikauliza, "rimu zako zina alama yoyote?"

Akasogea, akashusha sauti. "Ipo. Moja ina jeraha ukingoni. Niligonga kingo za mfereji Madibira. Mke wangu alishanikataza kuendesha, kwa hiyo hakuna anayejua. Huyu hajui. Lakini sikumbuki ni ya gurudumu gani."

Hapo nikafurahi, nasema kweli. Kazi ilikuwa safi kama swali la mtihani. Chini ya ganda, mahali fulani, jeraha lipo au halipo. Neema, ambaye moyo wake ulikuwa kwa Gwamaka, alinivuta mkono.

"Diploma, leo tu, tuzimwagie maji ya betri. Zitakuwa nyeupe kabla chai haijapoa."

"Maji ya betri yanakula aloi, Neema. Yatalamba kingo zote. Mzee atatafuta jeraha, atakuta rimu nzima ni jeraha."

Nikaweka mgongo wa kiganja kwenye rimu ya nyuma na kuanza, "Mzee, shikamoo, habari za Madibira, mama hajambo, mpunga?"

"Nimekuja kuoshewa rimu au kuhesabiwa ukoo?"

"Zinapimwa hivyo, Mzee."

Rimu ya nyuma kulia ilitoa zambarau mpaka chini ikawa kama dimbwi la wino. Nikasuuza, nikarudia, nikasuuza. Chini yake ikatoka fedha, laini, inang'aa. Neema akapiga kigelegele. Watu wa duka la jirani wakasogea.

"Fedha ni fedha," Mzee akasema. "Hata mwizi anaweza kununua za fedha."

Akapitisha ukucha ukingoni, taratibu, mzunguko mzima. Hakuna kitu. Ya nyuma kushoto: fedha, hakuna kitu. Ya mbele kulia ilikuwa na ganda nene kuliko zote, maana breki za mbele ndizo zinazobeba kazi, nikairudia mpaka mgongo ukauma. Fedha safi. Hakuna kitu.

Ikabaki ile iliyosuguliwa kwa majivu. Nilipitisha kidole mwenyewe. Laini pande zote, kama yai. Gwamaka akaenda kusimama nyuma ya kontena ili asione. Nami, pamoja na stashahada ukutani, nilihisi jasho chini ya koti.

Lakini mtu aliyesoma maabara hamalizi jaribio kwa sababu ameogopa jibu. Nikamwita Gwamaka arudi. Nikapaka dawa rimu ile, nikasimama, nikajifuta mikono.

"Hii dawa inataka salamu nzima," nikasema. "Mimi nimechoka kusalimia. Salimianeni ninyi."

Mzee Chengula alinitazama kama nimemwambia avue suruali. "Mimi na huyu hatuna salamu."

"Basi rimu itaharibika, na alama yako itaenda nayo. Gari ni lako."

Hiyo haikuwa kemia. Ilikuwa akili.

Gwamaka akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliitazama rimu.

"Marahaba."

"Mmeamkaje?"

"Tumeamka."

"Macho yanaendeleaje?"

"Yanaona," Mzee akasema. "Yanaona sana." Neema akaficha uso kwenye taulo.

"Na mama?"

"Yupo." Mzee akakohoa. "Amekuuliza."

"Ameniuliza mimi?"

"Ameuliza kama unakula. Nikamwambia mwizi hafi njaa. Akakasirika, akanipa chai bila sukari."

Gwamaka akashindwa kujizuia, akacheka kidogo kwa pua. Mzee naye midomo ikamcheza, akaibana. Ndipo Neema akapaza sauti.

"Diploma! Inavuja!"

Tuliinama wote kwa pamoja, nusura tugongane vichwa. Uso wa rimu haukutoa zambarau, maana majivu yalikuwa yamemaliza vumbi la juu. Lakini ukingoni, karibu na tairi, mstari mwembamba wa zambarau ulikuwa unatoka mahali ambapo hapakuwa na kitu, ukishuka tone kwa tone. Nikachukua mswaki. Ukatoka uji mweusi. Nikaongeza dawa, nikasugua polepole, na uji ukazidi kutoka, na chini yake ukatokea ufa mfupi wenye kina, ambao vumbi lilikuwa limejaa ndani yake na kupikwa likawa kama saruji. Majivu yalikuwa yamepita juu yake na kuulainisha. Ndiyo maana vidole havikuona.

Mzee Chengula akapiga magoti kwenye maji ya sabuni na suruali yake ya kanisani. Akaingiza ukucha kwenye ufa. Ukaingia wote. Akakaa hivyo, ukucha ndani ya rimu.

"Ni jiwe la mfereji," akasema mwisho. "Ni mimi." Kisha akatugeukia sote, na watu wa duka pia. "Mtu asimwambie mke wangu."

Watu walicheka mpaka mwenye duka akasahau wateja. Gwamaka hakucheka. Alimshika Mzee kwapani kumwinua, na Mzee akakubali kuinuliwa.

"Igowole ni kesho?" Mzee akauliza.

"Ulisema huendi, mzee."

"Nilisema mengi. Sasa nitayasema upya, moja moja, pale pale nilipoyasema. Na wewe, Diploma, unakuja. Wakiuliza habari za kemia mimi sitaweza."

Nilivaa suti. Kesho yake asubuhi rimu za gari lile zilikuwa nzuri kuliko za gari lolote Mbeya, na nasema hivyo nikiwa nimeyaona mengi. Tulianzia stendi Soweto. Mzee alishuka, akawaita madereva, akawaambia, "Juzi niliwaambia huyu ni mwizi. Si mwizi. Mimi ndiye nilikuwa kipofu." Wakampigia honi. Tukaenda Rujewa, kwenye mashine ya mpunga. Hapo palikuwa na kelele, ikabidi wazime mashine ndipo arudie, na wabeba magunia wakamtaka arudie tena kwa wale waliokuwa nyuma. Alirudia. Kila tulipoondoka mahali alikuwa anakaa wima zaidi kwenye kiti, mpaka Makambako akaanza kuimba wimbo wa kwaya, na sisi tukaitikia.

Igowole tulifika jua likiwa limepungua, baridi ya Mufindi inauma masikio. Baba yake Tumaini alitupokea uani, wajomba wamesimama nyuma yake, hakuna aliyetukaribisha kuketi. Mlangoni nilimwona msichana mmoja amejibana, nikajua ndiye. Alikuwa anaangalia rimu. Nilimpenda hapo hapo.

"Mshenga," baba akasema, "ulituambia kwa simu kijana huyu ni mwizi. Leo unatuletea. Tukuamini siku ipi?"

Mzee Chengula alivua kofia.

"Msiniamini hata moja," akasema. "Njooni muone." Akawaongoza kwenye gurudumu la mbele kushoto, akachuchumaa, akawaonyesha ule ufa. Akawaeleza mfereji, macho yake, stendi, mashine ya mpunga, yote. "Hili kosa ni langu, lipo kwenye gari langu, na nimekataa lifichwe. Kijana wenu nilimtukana mbele ya watu. Ninyi ndio watu wa mwisho niliobakiza kuwaambia. Nimemaliza. Kama mnamkataa, mkataeni kwa kosa lake, si kwa langu."

Wajomba wakatazamana. Mmoja aliinama akaweka kidole kwenye ufa, akafuata mwingine. Baba yake Tumaini naye aliinama, akauona uso wake kwenye rimu, akaurekebisha ukosi wa koti. Kisha akasimama, akampita Mzee, akampita mtu mwenye suti na stashahada bila hata kuniuliza habari za kemia, akafika mbele ya Gwamaka.

"Mkwe wangu," akamwambia, "mwingize ndani mshenga wako. Hapa nje kuna baridi."